Mahali pa Kupumua

Makaburini walikwishamaliza kuchimba, lakini wasifu wa marehemu ulikuwa bado hausomeki. Sijali alikuwa ameandika maisha ya mama yake ukurasa mzima bila nukta wala mkato. Lugendo, mjomba wake, ndiye angeusoma mbele ya waombolezaji.

"Mwanangu, hapa napumua wapi?" aliuliza. "Amezaliwa, ameolewa, amejenga, ameugua, yote kwa mkupuo mmoja. Nikiusoma hivi mtatuzika wawili."

Sijali hakucheka. Hata kulia hakuwa amelia, na wanawake jikoni walikwishaanza kumsema.

"Weka wewe alama, Mjomba."

"Mimi sikuishi naye. Soma kwa sauti. Ukitua, weka."

Akasoma kama mtu anayetaja bei dukani. Mama alizaliwa, akauza maandazi, akajenga vyumba viwili na choo. Kila alipovuta pumzi Lugendo alimgusa bega, naye akatia alama. Ilikuwa kazi tu, kama kuchambua mchele.

Mstari wa mwisho ulisema mama alilalamika mgongo, na binti yake akamwambia ni uchovu, apumzike. Sijali akatua, lakini hakutia alama.

"Hapo umemaliza, mwanangu. Weka nukta twende."

"Hapo ni mkato, Mjomba. Alinijibu."

"Alikujibuje?"

Nje kwaya ilianza kuimba. Wabebaji wa jeneza wakaingia, wakamkuta Sijali ameinamia karatasi, kalamu mkononi, machozi yakidondokea ule mkato. Wakavua kofia, wakasimama mlangoni wakimsubiri.