Mrehani Uwanjani

Tausi, mchoraji wa bustani mpya, aliwaomba wakazi kila mmoja alete mche anaoupenda. Zege la uwanja ule uliotelekezwa lilikuwa limeshabanduliwa, na udongo ukaliona jua baada ya miaka mingi. Alitarajia mawaridi na asumini. Wote walileta mrehani, ule wanaoupanda makaburini.

"Mlipatana?" aliuliza.

Walitawanyika, kila mtu akaenda mahali pake bila kubabaika, akachimba kwa mikono, akapanda, akanyunyiza maji kwa kiganja huku akinong'ona. Pale Tausi alipochora bembea za watoto, watu walipiga magoti wamebanana.

Aliikunja ramani yake.

"Mama, hapa chini kuna nini?" alimuuliza Bi Mwanaheri, aliyebaki na mche mmoja mkononi.

"Zege lilimwagwa usiku, mwanangu. Asubuhi tukaambiwa tumejengewa uwanja." Akamkabidhi ule mche na kumwonyesha kwa kidole. "Yule pale hana mtu aliyebaki. Mpandie wewe."

Tausi alikwenda, akapiga magoti. Mahali alipoonyeshwa, ardhi ilikuwa imeshafunguka, kiasi cha mche mmoja.