Chaki Kwenye Suruali

Mke wangu alinibana mkono, na chaki ikaniponyoka.

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu tangu alfajiri, alipolazwa hospitali na mimba ya miezi saba, mtoto akitaka kutoka kabla ya siku zake. Kila tumbo likikaza, yeye anibane, mimi niandike saa. Nesi alituachia karatasi, lakini fundi cherehani kama mimi hatembei na kalamu. Niliandika kwa chaki yangu kwenye paja la suruali nyeusi, na zile saa zilisongamana kama mishono.

Nikaiokota chaki. "Limekaza tena?"

"Unakoroma, Fundi. Wodi nzima inakusikiliza."

"Mimi? Sijalala mimi."

"Haya, saa ngapi sasa?"

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane mchana. Nikatazama paja langu. Mara ya mwisho ilikuwa saa nne na robo, na kuanzia hapo ni suruali tupu mpaka gotini.

"Hukunibana?"

"Hata mara moja, hadi sasa nilipokuamsha. Zile sindano za kutuliza tumbo zimefanya kazi. Mmelala wote wawili, wewe na mwanao," alisema, akinipangusa chaki shavuni. "Mimi ndiye niliyekuwa zamu."

Nesi akaja, akaweka kiganja juu ya tumbo, akasubiri, akasubiri tena, kisha akacheka peke yake.

"Nipe ile karatasi, baba."

Nikapandisha mguu juu ya kiti.