Maji ya Kinoo

"Sikiliza vema, mayu," mpelelezi alimwambia Nyanjige kituoni Bariadi, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mwanao amemuua bibi wa watu. Ikiwa alishika panga kwa hasira ya ghafla, hakukusudia, atafungwa. Ikiwa alilinoa kwanza, alikusudia, atanyongwa. Je, alilinoa?"

Nyanjige alikitazama kidole gumba chake. Tope la kijivu la kinoo lilikuwa limekauka chini ya ukucha.

Panga lile jipya, zawadi ya wanunuzi binafsi wa pamba, lilikuwa halijakata hata bua moja. Tangu mganga alipomtaja bibi yule jirani kuwa mchawi, nyumba nzima ilijua kazi ya panga lile.

"Sema kweli tu, mayu."

"Alilinoa leo asubuhi," alijibu. "Maji ya kinoo nilimmiminia mimi."