Mkono wa Kushoto Husema Uongo

Mwalimu wa fizikia alichomeka mkono mtupu wa koti lake mfukoni, akaita anayefuata.

Msichana alipoingia tu, moyo wa mwalimu ukalipuka. Paji lile! Pengo lile la meno! Yeye na baba yake shilingi kwa ya pili.

“Baba yako ni fundi wa kusuka koili za waya?”

“Alikuwa, mwalimu. Siku hizi anauza mbegu.”

Ndiye. Walikuwa mafundi wa meza moja, wakila sahani moja, hadi siku ile mashine ya kusuka ilipoanza kuzunguka huku mkono wa kulia wa mwalimu ukiwa ndani. Kabla hajazimia aliona jambo moja tu: mwenzake kasimama kwenye swichi. Alipozinduka mkono hana. Akahama mji bila kuaga, akasomea ualimu, akaapa: Mungu si Athumani, ipo siku.

Na siku yenyewe hii hapa. Binti asipopita mtihani huu wa ana kwa ana, chuo cha ufundi atakisikia redioni. Atarudi kwao analia, na baba mtu naye aonje.

Alichora duara la waya kwenye karatasi, akatia mishale. “Mkondo wa umeme unazunguka hivi, kama saa inavyokwenda. Hapa katikati, uga wa sumaku unaelekea wapi?”

Msichana akainua mkono wa kushoto, akakunja vidole kufuata mishale. Mwalimu nusura acheke. Kanuni ni ya mkono wa kulia: vidole vifuate mkondo, dole gumba lionyeshe uga. Wa kushoto huleta jibu la kinyume, na kila mwaka huwaangusha wenye pupa. Dole gumba likamwelekea msichana mwenyewe, nje ya karatasi. Kwisha habari yake! Kalamu ikashuka kuandika sifuri.

“Unaingia ndani ya karatasi,” msichana akasema.

Kalamu ikasita. Jibu lilikuwa sahihi.

“Mbona dole lako linasema vingine?”

“Mkono wa kushoto ni mwongo wa siku zote, mwalimu. Ukishajua hivyo, unageuza tu jibu.”

Mwalimu akaweka kalamu chini. Ujanja huo aliubuni mwenyewe, kwa kukosa mkono wa kulia.

“Nani kakufundisha?”

“Baba. Wa kulia hana. Aliuacha kwenye mashine, swichi ilipogoma kuzima, akimchomoa rafiki yake. Mpaka leo anaulizia kama alipona.”