Kichwa Kielekee Kamsamba

Ukungu wa Isansa ulikuwa umeficha vilima vyote, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa, Tulinagwe alipofungua pindo la kanga na kutoa dira ya marehemu mumewe.

Mumewe alipewa dira hiyo na mpima ardhi Mzungu ambaye yeye alikuwa akimbebea vyombo vya kupimia. Kila jioni aliiweka kiganjani, akaonyesha kushoto kidogo mwa sindano.

“Kwetu Kamsamba ni kule. Nikifa, unilaze kichwa kielekee kwetu.”

Sasa sindano ilihangaika, ikifuata chuma cha kila jembe lililosogea.

“Wekeni majembe mbali, jamani.”

Wachimbaji walitazamana, wakatii. Sindano ikatetemeka, ikatulia. Kaburi lilikuwa limekaa upande, halikuelekea Kamsamba.

“Kaka, tumekosea.”

Kaka yake alilitazama shimo, akafuta matone ya mvua usoni. “Dada, mvua hii! Marehemu atajuaje?”

“Miaka yote aliniomba hili tu.”

Kaka yake akalifuata jembe lake, akatemea viganja mate.

“Shemeji huyu,” alisema, “miaka ishirini anakula ugali wetu, na bado anataka kwao.”

Akaanza kuchimba upya.