Glasi ya Tano

Thelma Direen alimeza.

Jaji wa wiski hamezi. Hunusa, huizungusha mdomoni, hutema kwenye ndoo, halafu hutafuna biskuti kavu kusafisha ulimi. Ndiyo maana Clive Pybus aliweka glasi yake chini akamkodolea macho.

“Thel! Umekunywa hiyo!”

“Nimepaliwa.”

“Aliyepaliwa hukohoa.”

Thelma akakohoa. “Haya, umeridhika?”

Noeline, mwenyekiti wao, alicheka hadi miwani ikamteleza puani.

Mapipa sita madogo yalikuwa nyuma ya pazia, kila moja na namba tu. Bonde zima lilijua kwamba moja kati yake lilikuwa la marehemu Merv, mume wa Thelma, na kwamba Merv hakuacha jingine. Lipi, majaji hawakuambiwa. Wapo walionong'ona kwamba mjane hafai kuwa jaji. Noeline aliwajibu mlangoni: “Hapa Tasmania tukiwatoa ndugu na wakwe, watabaki kondoo kuonja.”

Aliyelileta pipa ni Rohan, mwana wa Thelma na Merv. Thelma alipata habari pipa lilipokwisha kufika ukumbini. “Mzee alishindana kila mwaka, hakupata kitu,” Rohan alimwambia. “Safari hii jina lake lipande ukutani pamoja na washindi, Mama.” Sasa alikuwa amesimama nje ya dirisha, vidole mdomoni, akimtazama mama yake kila alipoinua glasi.

“Kura yangu ni tano,” alisema Clive. “Kwanza ladha ya moshi, ule wa udongo mweusi wa milimani unaochomwa kama kuni, kisha mapeasi yaliyopikwa. Aliyeitengeneza hii ningemuoa.”

“Hata kama ana ndevu?” aliuliza Noeline.

“Ndevu hunyolewa.”

“Tatu,” alisema Thelma. “Tano ina uchungu wa mbao. Tatu ni asali tupu, na utamu wake haukimbii.”

“Uchungu wa mbao? Ulimi wako umekufa ganzi, dada! Au unalipigia debe pipa la mumeo?”

“Ningekuwa nalipigia debe, ungenisikia mpaka Hobart.”

Noeline alinusa tatu, akanusa tano, akarudi tatu. Nje watu walishaanza kugonga glasi zao ukutani. Kiu ilikuwa imewashika, na desturi waliijua: pipa linaloshinda hutobolewa palepale uwanjani, likanywewa na wote mpaka likauke. Likibaki hata tone, ni mkosi kwa bonde zima.

“Mimi naelekea tano,” alisema Noeline polepole.

“Hujaijaribu na maji,” alisema Thelma. Alichukua mrija, akadondoshea maji glasi ya Noeline. Akaongeza. Akaongeza tena. “Wiski ya kweli huchanua. Onja.”

Noeline alionja, akakunja uso. “Imelegea.”

“Kwa maji hayo hata mimi ningelegea!” Clive alifoka. “Umeizamisha!”

Lakini Noeline alikuwa ameshaandika. Tatu ilipata kura mbili, tano moja, ya Clive.

Pazia likafunguliwa. Tatu lilikuwa pipa la akina Woolley, mtu na dada yake, wakarukiana shingoni kwa vifijo. Watu wakalinyanyua juu juu hadi uwanjani, nyundo ikalia, bomba likapachikwa, glasi zikasukumana kama kondoo kwenye hori la maji. Clive alikuwa wa pili kwenye foleni, akinung'unika.

Rohan hakwenda huko. Alipita katikati ya mapipa, akainama, akalikumbatia namba tano. Alilibeba hadi kwenye gari bila kumtazama mama yake, akaanza kulifunga, macho yamemjaa maji.

“Ulikuwa na baba mdomoni, Mama,” alisema. “Ukamkataa. Ulimi wote huo, hukumtambua?”

Kule uwanjani bomba lilianza kukoroma. Mtu mmoja aliliinamisha pipa la akina Woolley, mwingine akakinga kofia.

“Nilimtambua kabla hajafika mdomoni,” alisema Thelma, akipanda nyuma ya gari na kuketi kando ya pipa. “Kaza kamba, mwanangu. Tumrudishe nyumbani.”