Tone la Kusoma Upya

Kila duka la dawa liliuza matone ya kufuta riwaya kichwani, ili mtu asome kitabu akipendacho kana kwamba hajapata kukiona. Shaame hakujivunga, riwaya ya mwandishi wake kipenzi aliifuta kila mwaka, na safari hii tone moja aliliona dogo, akaongeza la pili. Mkewe Raya hakutaka hata kuyaonja. Yeye alipenda kuirudia riwaya akijua kila kinachokuja.

Sasa Shaame anasoma, anacheka peke yake, na Raya hatulii: mara apange vikombe, mara avipangue.

"Mama Zumaridi!" Shaame akaita. "Njoo usikie kioja. Binti wa humu anaitwa Zumaridi, kama mwanetu! Sadfa gani hii?"

Binti yao aliyekuwa akimimina chai akasita. Tangu utotoni alisimuliwa jinsi baba yake alivyomsomea mama yake kitabu hicho wodini alipojifungua, akalitoa humo jina lake.

"Baba, kwani jina langu alilichagua nani?"

Shaame akakunja uso, akalitafuta jibu, asilione. Raya akafungua mdomo.

"Usiniambie!" Shaame akamkatiza, akicheka. "Kama jibu limo humu, nitalikuta mbele."